Sadaka ya Mbunge na Haki ya Raia: Funzo Kutoka Singida

Ndugu Waislamu, uongozi ni amana nzito. Mtume (S.A.W.) alimtahadharisha sahaba wake Abu Dharr (R.A.) kuwa Siku ya Kiyama cheo kitakuwa fedheha na majuto, isipokuwa kwa aliyekichukua kwa haki na akatimiza wajibu wake. Kwa mizani hiyo tuitazame safari ya mbunge mmoja, mzaliwa wa hapa Singida.

Mohammed Dewji, maarufu kwa jina la Mo, alizaliwa mwaka 1975 katika familia ya Kiislamu ya wafanyabiashara. Alihitimu Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, mwaka 1998, akarejea kusimamia biashara ya familia. Mwaka 2005, akiwa na miaka 30, alichaguliwa Mbunge wa Singida Mjini kwa tiketi ya CCM. Wananchi walimrudisha bungeni mwaka 2010. Ulipofika uchaguzi wa 2015 hakugombea tena, na kiti kikachukuliwa na Musa Sima.

Wengi humkumbuka kwa misaada ya maji, elimu na afya aliyoitoa kutoka katika mali yake. Hilo ni jambo la kushukuriwa, kwani asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Lakini tujiulize: katika mkoa wetu huu mkame, kisima ni hisani ya mbunge au ni haki ya raia?

Ibara ya 63 ya Katiba imelikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Hata Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni fedha za umma, si zawadi ya mtu. Mbunge yeyote anayegawa kwa mkono wake lakini haulizi fedha za maji zilizopitishwa zimekwenda wapi, ametoa sadaka, na amana ingali shingoni mwake.

Nasi wapiga kura tuna sehemu yetu. Tukimpima mgombea kwa uzito wa mfuko wake, tunamfungia mlango mwalimu au mkulima mwadilifu asiye na kitu, na tunaifungulia mlango rushwa, ambayo mtoaji na mpokeaji wake wote wamelaaniwa.

Dewji alianzisha taasisi yake ya misaada mwaka 2014. Mwaka 2016, akiwa si mbunge tena, aliahidi kutoa angalau nusu ya utajiri wake kwa mambo ya kheri. Hapa ndipo penye funzo: sadaka haihitaji kiti cha ubunge, na kiti cha ubunge hakihitaji utajiri. Kinahitaji uaminifu.

Wazazi, tuwafundishe watoto wetu kutofautisha mambo haya mawili: anayetupa chake tumwombee dua, anayeshika chetu tumwombe hesabu.

Wabillahi tawfiiq.