Ukili Uliogoma Baada ya Idi

Njooni, wanangu, njooni barazani. Wewe sogea, mpishe mdogo wako naye akae. Leo nawasimulia habari za Ukili.

Ukili mnaujua. Ni ule utepe mrefu uliosukwa kwa ukindu, ambao bibi zetu huku Unguja na Pemba huushona ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka. Basi paliondokea Ukili mmoja wa rangi mbili, nyekundu na ile nyeupe ya ukindu wenyewe. Fundi wake alikuwa binti mmoja wa rika lenu hivi. Kila jioni binti alikaa karibu na bibi yake, akasuka. Juu, chini, vuta. Juu, chini, vuta.

Ramadhani ikafika ukingoni. Jioni moja zikasikika kelele mtaa mzima: mwezi umeandama! Binti akaruka. Ukili akatundikwa msumarini, ukutani, pale jua la dirishani linapopiga.

Ilipoingia Idi, nani tena akamkumbuka Ukili? Siku nne, wanangu! Nguo mpya zinazonukia duka. Pilau. Mkono wa Idi kwa shangazi, mkono wa Idi kwa babu, na kwa yule jirani anayetoa sarafu moja na nasaha kumi. Jioni, Mnazi Mmoja kwenye mabembea. Mimi sikubaliani na wazee wanaosema sikukuu inaharibu watoto. Mtoto asipocheza Idi, atacheza lini?

Siku ya tano kukapambazuka kama siku nyingine yoyote. Mama akasema, "Ufagio ule pale." Ua ulikuwa umejaa maganda ya peremende. Binti akafagia huku midomo ameibenua. Akateka maji. Kisha bibi, bila hata kuinua macho, akauliza, "Na ukili wako je?"

Binti akamtungua Ukili. Akashika ukindu mmoja, akaupinda. Tap! Ukakatika. Akashika mwingine. Tap!

"Pole pole, mama we!" akalia Ukili. "Siku zote umeniacha hapa jua linanipiga. Nimekauka. Leo unakuja tu, hata salamu hakuna, unataka nipindike kama juzi? Sitaki!"

Mjomba, kwani ukili unazungumza?

Unazungumza, mwanangu. Hiyo tap ndiyo sauti yake. Haya, nani aniambie kwa nini ukindu mkavu unakatika? Hakuna? Basi sikilizeni. Ukindu ni majani machanga ya mkindu, mti wa ukoo mmoja na mtende. Huchemshwa, huanikwa, hutiwa rangi. Ndani ya jani mna nyuzi nyembamba sana, zimelala sambamba. Jani likiwa na unyevu kidogo, nyuzi zile hulegea, na ukilipinda linakubali. Likikauka kabisa, nyuzi hukakamaa. Ukilipinda, halina la kufanya ila kuvunjika.

Bibi hakugomba. Akachovya vidole katika bakuli la maji, akaupitishia ukindu taratibu, kutoka shinani hadi nchani. Akaufunika kwa kitambaa kibichi. "Nenda kaanue nguo," akasema. "Ukirudi utakuwa tayari."

Mjomba, si angeutia wote kwenye ndoo, ukalainika upesi?

Ah, huyu mtoto ana akili! Rudia tena swali lako, wenzako walisikie. Ndiyo, ungelainika upesi. Lakini ukindu ukinywa maji mengi huvimba. Ukiusuka umevimba, utaona ukili umekazana, mzuri kweli. Ngoja ukauke sasa. Kila ukindu utanywea, na kati ya mmoja na mwingine pataachama. Mkeka wa namna hiyo unapitisha mchanga kama chekecheo. Kwa hiyo ni maji ya kutosha tu, na kungoja kidogo. Huko kungoja ndiko kunakowashinda wengi, hata watu wazima.

Binti akarudi na nguo. Akapinda ukindu. Kimya. Haukukatika! Akafurahi, akaanza. Juu, chini... chini? Akakosea. Akafumua. Juu, juu... La! Nyekundu ikatokea mahali pa nyeupe. Ukindu umelainika, sasa vidole ndivyo vinavyogoma. Machozi yakamlengalenga.

"Nimesahau," akasema. "Nimesahau kila kitu."

Ukili akacheka mpaka mikia yake ikatikisika. "Hujasahau chochote, we! Kufunua tu kitambaa ulikwisha kunishika kwa mkono wa kushoto, kidole gumba juu. Nani alikukumbusha?"

Na Ukili alisema kweli. Tazameni, wanangu. Kichwani mwetu kazi tunayoirudia kila siku ni kama njia ya mguu ya kwenda kisimani. Ukipita leo, kesho na keshokutwa, majani yanalala na njia inaonekana wazi. Usipopita siku kadhaa, nyasi huinuka, huijui njia iko wapi. Lakini ardhi ya chini bado imekanyagika. Ukipita mara mbili tatu, ile njia itakuwa imerudi, wala hutatoka jasho kama yule anayefyeka pori kwa mara ya kwanza.

Mjomba, umejuaje? Umeingia kichwani mwa mtu?

Mimi sikuingia, ila yupo aliyejichunguza mwenyewe. Ujerumani alikuwako bwana mmoja, Hermann Ebbinghaus. Alitunga vineno vifupi visivyo na maana yoyote, zaidi ya 2,000. Akawa anavikariri kwa mafungu. Akisha kulijua fungu moja, huliacha likae, kisha hurudi kulikariri upya na kupima safari hii imemchukua muda gani. Akaona kwamba hata fungu alilodhani limemtoka, akilirudia hulishika haraka kuliko mara ya kwanza. Akayaandika katika kitabu mwaka 1885.

Vineno visivyo na maana? Hakuwa na wazimu, Mjomba?

Alikuwa mdadisi kama wewe. Watu wa namna hiyo kwanza huchekwa, baadaye hutajwa vitabuni.

Turudi kwa binti. Siku ile alisuka shubiri moja tu. Alitaka kuendelea, bibi akamzuia. Na hapa sasa fungueni masikio, maana hii ni siri ya mafundi. Bibi alimwonyesha jinsi ya kumwacha Ukili. Akaongeza kindu mpya pale za zamani zilipokuwa zinakaribia kuisha, moja hapa, nyingine mbele kidogo, zisiishie zote mahali pamoja. Akaacha mikia mirefu, akafunga ncha kwa uzi ili usifumuke. Akamtundika kivulini.

"Kesho," bibi akasema, "hutauliza naanzia wapi. Mikia itakwambia."

Maana ukiacha ukili na mikia mifupi, yote imeishia pamoja, kesho yake utaukuta kama mlango uliofungwa kwa ndani. Naona mmoja wenu anatikisa kichwa, amewahi kuyaona hayo. Na si ukili tu. Unachora ngalawa? Usiimalize yote leo. Acha tanga bila rangi, na kalamu ya rangi yake iweke juu ya karatasi. Unaandika insha? Iache katikati ya sentensi unayoijua mwisho wake. Kesho mkono utaimalizia kabla uvivu haujaamka.

Siku ya pili binti alivuka shubiri tatu. Baada ya hapo hakuna aliyehesabu, kwa sababu vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe huku yeye anabishana na kaka yake. Juu, chini, vuta. Ukili akaanza kupimwa kwa pima, na pima, mnajua, ni mikono miwili ikinyooshwa huku na huku. Nyoosha, tuone. Eh, ya kwako bado fupi!

Bibi akaanza kutafuta shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea mkeka. Ukili akanyamaza. Mwenye kazi hana muda wa kulalamika.

Mjomba, swali la mwisho. Lile sufuria la pilau la Idi lina ukoko. Nalo nililoweke, nisubiri?

Vizuri sana! Liloweke, mwanangu, ukoko utalainika na utauondoa bila kukwaruza. Umelitia maji lini?

Juzi.

Juzi! Basi hilo halisubiri tena, linanuka. Ondoka, chukua dodoki, na upite mlango wa uani mama yako asikuone.