Kitabu cha Hitilafu Kikihamia Kwenye Kompyuta

Kwetu Rumonge, na kando yote ya ziwa hadi Nyanza-Lac, anayefanya kazi kwenye kinu cha mawese anajua kazi ya kitabu cha hitilafu. Mvuke ukivuja, mkanda wa mashine ukikatika, mtu akiteleza kwenye mafuta na kuumia, habari inaandikwa humo. Siku hizi kazi hiyo inaweza kufanywa na programu ya kompyuta, na mwajiri anayeinunua hutuambia kwamba sasa kila kitu kitaonekana na hakuna habari itakayopotea.

Sendika haipingi kompyuta. Lakini lazima tufahamu jambo moja: programu hiyo haina akili yake yenyewe. Kabla ya kuanza kazi kuna mtu anayekaa na kuipanga. Yeye ndiye anayeiambia lipi ni kubwa na lipi ni dogo, nani aarifiwe, na lini jambo lihesabiwe limekwisha. Mipango hiyo ikifanywa buroni bila sisi, itafuatwa kila siku bila sisi.

Utaratibu huu ulitoka wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1980 ofisi moja ya serikali ya Uingereza, iitwayo CCTA, ilianza kutoa vitabu vya kuongoza kazi za kompyuta. Vitabu hivyo viliitwa ITIL. Shabaha ilikuwa karani ambaye mashine yake imekwama ahudumiwe upesi. Utaratibu ulienea duniani, na leo programu za namna hiyo zinapokea pia habari za pampu, boila na magari. Lakini asili yake ni buroni, ambako mashine ikiharibika hakuna anayeungua. Tukumbuke hilo tunaposoma mambo matano yanayofuata.

1. Tukio na tatizo

Programu inatenganisha vitu viwili. Tukio ni lile lililotokea leo: mkanda umekatika. Tatizo ni chanzo chake: gurudumu limepinda, ndiyo sababu mkanda unakatika kila wiki. Fundi akifunga mkanda mpya mara tatu, kompyuta itaonyesha matukio matatu yaliyomalizwa vizuri, na gurudumu bado limepinda. Tudai hivi: tukio likirudi mara ya tatu kwenye mashine ile ile, programu ifungue tatizo, na mjumbe wa wafanyakazi apewe nakala.

2. Uzito

Uzito wa jambo hupatikana kwa kuuliza maswali mawili: linagusa watu wangapi, na linaweza kungoja kiasi gani? Uzito wa 1 hushughulikiwa mara moja, wa 4 hungoja. Kwa karani ni sawa. Lakini mvuke unaovuja karibu na pipa la kupikia mikungu unamgusa mtu mmoja tu, yule anayesimama pale, na kinu hakijasimama. Kwa hesabu ya buroni hilo ni dogo. Tena sote tunajua kwamba mikungu ikishakatwa haipendi kungoja, maana mafuta yanaharibika, na mwenye kinu hataki boila izimwe. Basi sheria yetu iwe moja: chochote kinachoweza kumjeruhi mtu ni uzito wa 1, hata mtu huyo akiwa mmoja, hata uzalishaji ukiwa unaendelea.

Anayefikiri tunatia chumvi akumbuke jengo la Rana Plaza huko Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana ukutani. Benki iliyokuwa chini iliwarudisha watu wake nyumbani. Washonaji wa viwanda vya juu waliitwa kazini kesho yake, jengo likaanguka, na zaidi ya watu 1,100 walikufa. Nyufa zilikuwa zimeonekana na habari ilikuwa imetolewa. Aliyepima uzito wake hakuwa mshonaji.

3. Nani anaarifiwa

Kila habari hupelekwa kwa mtu aliyechaguliwa. Ikiwa habari zote huenda kwa kapita peke yake, basi malalamiko juu ya kapita yataishia kwa kapita. Habari ya ajali au ya hatari ifike kwa watu watatu kwa pamoja: fundi, mkuu wa kinu na mjumbe wa wafanyakazi.

4. Saa

Programu huhesabu saa. Muda uliowekwa ukipita, habari inapanda kwa mkubwa zaidi. Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza: saa inaweza kupangwa ihesabu muda wa buro tu. Hatari iliyoandikwa na zamu ya usiku saa mbili itaanza kuhesabiwa asubuhi. Wa pili: jambo likiandikwa "linangoja kipuri", saa husimama. Linaweza kungoja miezi mitatu na hesabu ionyeshe hakuna ucheleweshaji. Kwa uzito wa 1 saa isisimame, usiku wala Jumapili. Na kipuri kikikosekana, mashine ndiyo isimame.

5. Kufunga

Hapa ndipo tunapoumizwa zaidi. Programu nyingi zinaweza kupangwa hivi: fundi akiandika "limekwisha", na aliyetoa habari asipojibu kwa siku chache, jambo linajifunga lenyewe. Mwenzetu asiye na simu, au asiyejua kusoma, atajibu vipi? Kimya chake kinahesabiwa kuwa ni ndiyo.

Mimi mwenyewe niliona jambo hili wakati wa kitabu cha karatasi, kwenye kinu ambacho sitakitaja. Vali ya mvuke iliandikwa mara nne. Kila mara pembeni paliandikwa "imetengenezwa", kwa sababu kapita alisifiwa kwa kurasa safi. Mara ya tano kijana wa zamu aliungua mkono hadi kwenye kiwiko. Kompyuta haiwezi kuponya tabia hiyo. Ikipangwa imsifu anayefunga mambo mengi kwa haraka, itaikuza. Tudai kwamba hatari haifungwi mpaka aliyeitoa, au mjumbe wake, aende aione mashine kwa macho na kutia sahihi.

Ajali ya mtu si hitilafu ya mashine

Mtu akiumia, kuandika kwenye kompyuta hakutoshi. Haki ya matibabu na malipo kwa ajali ya kazini iko INSS, na safari yake huanza kwa mwajiri kutangaza ajali. Usikubali kuambiwa kwamba "imeshaingia kwenye mashine". Uliza karatasi ya tangazo, weka nakala, waandike walioona. Tena tukumbuke kwamba mwezi wa Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu.

La kufanya sasa

Mwajiri wenu akileta programu hiyo, wajumbe waombe kikao kabla haijawashwa. Waombe kuonyeshwa mipango yote mitano, kwa Kirundi na Kiswahili, na waandike yaliyokubaliwa. Kitabu cha karatasi kibaki mlangoni kwa yeyote asiye na simu. Na kila mwezi mjumbe asome mbele ya wenzake orodha ya yaliyofungwa, mmoja mmoja, akiuliza: kweli limekwisha?

Ndugu, anayesimama karibu na mvuke ndiye anayejua kama unavuja. Asiachwe nje siku ya kupanga.