Kuazima Masikio

Mazoezi ya kwaya Ulyankulu huanza jua likielekea kuzama, watu wakishatoka shambani, mikono ya wengine ikiwa bado na utomvu mweusi wa tumbaku. Mwalimu husimama mbele, akampa kila mmoja noti yake kwa mdomo. Sauti ya pili hupotea palepale ilipopotea juzi. Mwalimu hukata wimbo, akavuta pumzi. Ndani ya ukimya ule mfupi, mama mmoja wa sauti ya kwanza huinuka.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Ameni!"

"Samahani mwalimu, dakika moja tu. Nimeletewa mawese kutoka Kigoma, mazuri kweli, yamebaki madumu mawili..."

Ujanja wote uko kwenye salamu. Hakuna mlokole anayeweza kuisikia akanyamaza. Ukiitikia umeshageuza shingo, na ukigeuza shingo mawese yameshaingia. Mama hakuiba mali ya mtu. Ameazima masikio ya watu wote waliomo bila kuwaomba.

Mwalimu hagombi. "Mama, hilo ni la matangazo," husema, na watu hucheka. Msimamizi wa nidhamu hufungua daftari lenye jalada lililochakaa, akaandika jina mbele ya shilingi 500. Fedha hiyo haiendi mbali. Mwisho wa mwezi hugeuka sukari na majani ya chai, na aliyetozwa hunywa pamoja na waliomtoza, mara nyingi kikombe cha kwanza.

Mgeni anaweza kudhani utaratibu huu umeletwa na kanisa. Mimi naona una mizizi miwili, na yote ni ya zamani kuliko kwaya. Makazi ya Ulyankulu yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, yakapangwa kwa barabara zenye namba hadi namba zikawa majina. Watanzania wengi waliisikia Ulyankulu kwanza kwa sababu ya Kwaya ya Barabara ya 13. Lakini wakimbizi walipofika, nchi ilikuwa na wenyewe. Ulyankulu ulikuwa utemi wa Kinyamwezi, mmoja wa zile alizoziunganisha Mtemi Mirambo katika karne ya 19.

Wanyamwezi wa wakati huo walikuwa na nyumba ya maongezi, iwanza. Richard Burton, aliyefika Tabora Novemba 1857, aliandika kwamba vijiji vilikuwa na iwanza ya wanaume na ya wanawake, na kwamba wanaume walishinda humo mchana kutwa. Humo mtu aliweza kusema lolote: ng'ombe, ndoto, mkwe mbaya, deni la mwaka juzi. Habari isiyo na mahali pengine ilikuwa na mahali pale.

Njiani ilikuwa kinyume. Msafara wa wapagazi ulikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa mbele, na nyuma yake kila mtu na nafasi yake. Burton anaeleza kwamba aliyemtangulia kirangozi alichomolewa mshale mmoja kwenye podo lake. Hakupigwa, hakufukuzwa. Jioni kituoni mshale ule ulimtaja mwenyewe, akalipa faini. Naupenda mshale huu kuliko daftari letu la kwaya, kwa sababu mshale haubishani na mtu kama alikuwepo au hakuwepo.

Ipo pia sauti iliyolindwa: mwano, yaani yowe la hatari. Sungusungu walipoibuka Unyamwezi na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, waliutegemea. Mwano ukilia huulizi ni nini, unachukua silaha yako unakimbia, na asiyetoka hutozwa. Kwa kuwa unaamrisha miguu ya kijiji kizima, huwezi kuupiga kwa ajili ya kuku aliyepotea. Kuku ana njia yake: utapita nyumba kwa nyumba, utakaribishwa uji, utamkuta kwa jirani. Kwa mkutano kuna mbiu ya mgambo. Mama wa mawese alichokosea ni kutumia sauti isiyo saizi ya habari yake.

Na faini ya kuliwa? Ray Abrahams, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyamwezi wa kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kuhusu majirani wanaokaa kumsikiliza aliyewakosea wenzake, kisha wakamtoza chakula kinacholiwa na wote. Anayekataa kulipa hutengwa. Kutengwa huko si jambo dogo kwa mtu anayehitaji moto wa jirani, jembe la jirani, na mabega ya kubebea jeneza.

Mzizi wa pili umetoka Burundi. Huko mzee wa baraza huitwa umushingantahe, jina linalotokana na intahe, fimbo ya hukumu. Katika shauri fimbo hugongwa chini, na maneno hufuata mgongo wake. Sijui mwalimu wa kwaya anayegonga meza kwa kalamu kama anafikiria hilo. Ila wazee waliokaa kwenye benchi la nyuma hunyamaza kwa namna ambayo vijana hawanyamazi.

Si kila neno hungojewa, hata hivyo. Mwaka wa uchaguzi huja kijana mwenye bahasha, anataka kuisalimu kwaya kwa niaba ya mheshimiwa fulani. Huja pia wa upatu anayeahidi fedha mara mbili kwa wiki tatu, na wakala wa mikopo ya kausha damu. Hawa, katika kwaya zenye viongozi wanaojua kazi yao, hata kwenye matangazo hawaingii. Katibu huwatoa nje kwa upole, huwaonyesha njia ya kwenda ofisi ya kijiji, anarudi kukaa. Nimesikia za kwaya zilizolegea hapo zikagawanyika kabla ya Pasaka, nusu wamevaa fulana za rangi moja, nusu za rangi nyingine. Upole ule kwa mama wa mawese na ukali huu kwa mwenye bahasha vinaweza kuonekana upendeleo. Lakini mama ataimba kesho. Mwenye bahasha hajui hata wimbo unaanzia noti gani.

Saa moja na nusu giza limeshakaza. Sauti ya pili imeipata njia, wimbo umeimbwa mara tatu bila kukatwa, sala ya kufunga imesemwa. Katibu anauliza kama kuna matangazo. Kuna la msiba, linatangulia. Kuna la michango ya sare. Kisha mama anasimama tena, anarekebisha kitenge kiunoni.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Ameni!"

Dumu la kwanza limechukuliwa na msimamizi wa nidhamu, fedha taslimu, kasoro shilingi 500. La pili kalichukua mwalimu, kwa mkopo.