Mgonjwa Asiachwe Mkekani

Ndugu zetu Waislamu, katika pwani yetu hii, tangu Mikindani mpaka Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, mtu akianguka mnazini, au akipatwa na kiharusi, au kiuno kikimshika katika kuokota korosho, twamfanyia mema mengi. Twamlaza, twamkanda kwa mafuta ya nazi, twamsomea, twamlisha kwa mikono yetu. Kisha miezi yapita, naye yungali amelala pale pale. Jamaa husema, "Mwacheni apumzike." Neno hilo latoka katika huruma, nasi hatumlaumu alisemaye, lakini twaona ndilo limfungalo mtu kitandani.

Kiungo kisichotumika hunyong'onyea: misuli hupungua, maungo hukazana, na mwenye kulala upande mmoja hutoka vidonda. Aliyepatwa na kiharusi, madaktari wakisha kumtuliza, nafuu yake kubwa huja katika miezi ya kwanza, kwa kuwa ubongo hujifunza upya kwa kulirudia tendo lile lile mara nyingi. Na jambo moja twaomba lishikwe na kila mwenye kuuguza: asimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lile halina misuli ya kulishika, nalo huteguka kidogo kidogo likaleta maumivu ya muda mrefu.

Hapa ndipo aingiapo mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Yeye hukaa na mgonjwa mmoja, akampima: wapi pana nguvu, wapi pamekaza, pumzi yaendaje. Kisha humpa zoezi limfaalo yeye, si jirani yake. Wenye kufundisha vyuoni wataielewa upesi njia hii. Mtoto hasahihishwi herufi za Qur'ani katika kelele za darasa zima. Huitwa mbele ya mwalimu, akasoma, akarudishwa, akasoma tena, mpaka herufi itoke mahali pake. Mgongo nao hufundishwa vivyo hivyo.

Miongoni mwa mazoezi wayatumiayo wataalamu hawa katika nchi nyingi ni yale ya Pilates, yaliyoitwa kwa jina la Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883. Katika Vita Kuu ya kwanza Waingereza walimzuilia kambini pamoja na raia wenziwe, na huko aliwafundisha mazoezi yake; baadaye alihamia New York, akafundisha mpaka alipofariki mwaka 1967. Msingi wake ni kuitawala pumzi, kuikaza misuli ya ndani ya tumbo iushikayo uti wa mgongo, na kwenda polepole kwa makini. Viko vitanda vyake vya springi, vya bei kubwa. Lakini mengi ya mazoezi hayo hufanywa chini juu ya mkeka, na mkeka haujapata kukosekana katika nyumba ya Mwislamu. Wala tusiyatukuze kupita kiasi. Mwaka 2015 wataalamu wa Cochrane waliyakusanya majaribio 10 yenye wagonjwa 510 wa maumivu ya kiuno, wakaona kwamba Pilates hupunguza maumivu kuliko kuachwa na tiba kidogo, lakini hawakupata ushahidi thabiti kwamba yayashinda mazoezi mengine. Basi asiyeyapata hayo hakukosa tiba, maadamu amempata mtaalamu.

Wako wasemao: mgonjwa ameruhusiwa kusali ameketi, ahangaike kwa nini? Ruhusa hiyo ni ya kweli. Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha Imran bin Huswain, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, kusali kwa kusimama, na akishindwa kuketi, na akishindwa kulala ubavu. Lakini tazameni: kila daraja imefungwa kwa kutoweza. Aliyeshindwa jana na leo akaweza, yampasa asimame. Kwa hiyo mgonjwa amwambie mtaalamu wake waziwazi kwamba ataka kurukuu na kusujudu tena, ili mazoezi yapangwe kuelekea huko hatua kwa hatua, wala asijilazimishe kabla ya kuambiwa.

Kwa mama zetu na dada zetu liko suala la haya. Atafutwe mtaalamu mwanamke. Asipopatikana, mafakihi wameruhusu tabibu mwanamume kwa dharura na kwa kadiri ya haja, pasifunuliwe zaidi ya panapotibiwa, naye mahramu wake awepo chumbani. Na huyo msindikizaji asikae kutazama tu. Ndiye atakayejifunza zoezi na kulisimamia nyumbani kila siku, maana mtu wa Msimbati hawezi kuja mjini kila asubuhi.

Mjini Mtwara iko Hospitali ya Ligula, na tangu mwaka 2021 iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Mgonjwa aliyelazwa, jamaa zake wamwulize daktari khabari ya mtaalamu wa viungo kabla hawajamrudisha nyumbani. Ama nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi wiki baada ya wiki, ni nzito kwa nyumba moja; misikiti yetu, ambayo huchanga sanda kwa jioni moja, yaweza kuitengea fungu.