Jina la Nyumba: Sanaa ya Mashindano Miongoni mwa Vijana wa Harlem

Katika mtaa wa Harlem, jijini New York, neno "nyumba" lilipata maana mpya mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Crystal LaBeija na Lottie LaBeija walipoasisi kundi lililoitwa Nyumba ya LaBeija. Nyumba kwa maana hiyo si jengo, bali ni ukoo wa hiari unaowakusanya vijana, wengi wao Wamarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao ni wapenzi wa jinsia moja au wanaishi kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, na ambao baadhi yao walifukuzwa na wazazi. Kiongozi wake huitwa mama au baba, wanaolelewa ni watoto, na kila mtoto hubeba jina la nyumba kama wengine wanavyobeba jina la babu.

Chimbuko la nyumba hiyo lilikuwa hasira. Mashindano ya urembo ya wanaume waliovaa kike yalikuwapo zamani, lakini washiriki weusi walitarajiwa kujing'arisha uso, na hata hivyo mara nyingi taji likaendelea kwenda kwa weupe. Filamu ya The Queen ya mwaka 1968 inamwonyesha Crystal, aliyekwisha kushindwa, akiwashutumu waandaaji waziwazi kwa upendeleo.

Katika matamasha ya mashindano ya nyumba za aina hii, kushindana huitwa "kutembea", kwa kuwa mshiriki hupita mbele ya waamuzi wanaompa alama au kumtoa. Kipengele kinachostahili kutazamwa kwa makini ni "uhalisi", ambapo mshindani hupimwa kwa jinsi anavyofanana na mtu ambaye jamii isingemruhusu kuwa, mathalani meneja mwenye suti na mkoba, au mwanajeshi. Wako wakosoaji walioona humo utumwa wa kuliiga tabaka lililowakataa, na hoja hiyo ina uzito. Ila inasahau kwamba mavazi hayo, ambayo mengi yalishonwa kwa mkono na watu wasio na uwezo wa kuyanunua, yalidhihirisha kuwa cheo nacho ni vazi, na kwamba ustadi wa kutotambulika ungeweza kumfikisha kijana salama alikokuwa akilala.

Uchezaji uitwao vogu, uliochukua jina la jarida la mitindo la Vogue, ulikuzwa sana na Willi Ninja, mwasisi wa Nyumba ya Ninja, aliyeunganisha mikao ya wanamitindo, sarakasi, maigizo bubu na sanaa za mapigano za Asia. Umahiri huo haukuwa kipaji tu: kijana alirekebishwa kiwiko na shingo na wakubwa wake, akatolewa na waamuzi, akarudi, hata swali la utambulisho likajibiwa na mwili kabla ya kupatiwa maneno.

Mwaka 1990 wimbo wa Madonna na filamu ya Paris Is Burning viliufikisha uchezaji huo duniani, ingawa baadhi ya waliorekodiwa katika filamu hiyo walilalamikia malipo. Wakati huohuo UKIMWI ulikuwa ukizipunguza nyumba hizo, na jina la mama, ambalo wageni walilidhania mzaha, likawa kazi ya kuuguza na kuzika. Ninja mwenyewe alifariki mwaka 2006 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Watoto wa nyumba yake wangali wanatembea kwa jina lake.