Daiei: Sifa nyingi, majumba machache

Kushinda tuzo ni jambo moja, kulipa mishahara ni jingine. Kampuni ya filamu ya Daiei ya Japani ililijua hilo ikiwa imechelewa.

Daiei ilianzishwa mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ilipolazimisha kampuni za filamu ziungane. Kampuni ya Nikkatsu ilitoa idara yake ya kutengeneza filamu, lakini majumba yake ya sinema ikabaki nayo. Hivyo Daiei ilizaliwa na kiwanda kizuri na maduka machache ya kuuzia.

Kasoro hiyo haikuonekana mapema, kwa kuwa bidhaa ilikuwa bora. Mwaka 1950 ilitoa "Rashomon" ya Akira Kurosawa. Mkuu wa kampuni, Masaichi Nagata, alilalamika kuwa filamu hiyo haieleweki. Mwaka uliofuata ilishinda Simba wa Dhahabu kule Venice, na Nagata akawa wa kwanza kujivunia. "Gate of Hell" ya mwaka 1953 ilitwaa tuzo kuu ya Cannes na Oscar ya mavazi.

Soko nalo lilikuwa moto. Mwaka 1958 Wajapani walinunua tiketi zaidi ya bilioni 1.1, yaani wastani wa mara 12 kwa kila mtu. Kisha televisheni ikabisha hodi. Harusi ya mrithi wa kiti cha enzi mwaka 1959 na Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 ziliwafanya watu wengi wanunue seti za nyumbani. Kufikia mwaka 1970 tiketi zilizouzwa zilikuwa kama milioni 250 tu.

Kampuni zote ziliumia, ila si kwa kiasi kimoja. Toho na Shochiku zilikuwa na majumba na viwanja mijini. Mali hiyo iliendelea kuwa na thamani hata filamu zilipodorora. Daiei ilitegemea filamu zenyewe. Zatoichi, mkandaji kipofu hodari wa upanga, na Gamera, kobe mkubwa, waliingiza fedha, lakini si za kutosha.

Nagata naye hakubana matumizi. Alikuwa na timu ya besiboli, na mwaka 1962 akaijengea uwanja Tokyo. Mwaka 1963 aligombana na nyota wake, Fujiko Yamamoto, kuhusu mkataba na kumtimua. Mwaka 1969 nyota mwingine, Raizo Ichikawa, alifariki akiwa na miaka 37. Mtaji wa watu ukapungua.

Mwaka 1970 Daiei na Nikkatsu ziliunda kampuni moja ya usambazaji. Wagonjwa wawili walikuwa wakiegemeana, na haikusaidia. Mwishoni mwa mwaka 1971 wafanyakazi waliachishwa kazi na Daiei ikatangazwa mufilisi. Kampuni ya uchapishaji ya Tokuma iliichukua mwaka 1974, na mwaka 2002 ikauzwa kwa Kadokawa. Filamu za zamani ndizo zilizobaki kuwa mali.

Kwa mwenye akiba ndogo anayetafuta hisa, funzo ni hili: usiulize tu kama bidhaa inasifiwa. Uliza nani ana duka la kuiuzia, faida ya miaka mizuri imewekwa wapi, na mkurugenzi anatumia fedha za nani kwa starehe zake. Mali bila daftari hupotea bila habari.