Kompyuta Si Mbovu, Imezidishiwa Abiria

WATU wa Ndera, waliozaliwa na kulelewa kandoni mwa Mto Tana, hawana haja ya kufundishwa kwamba mtumbwi una kipimo chake. Ukipakiwa maembe na magunia ya mahindi hata ukingo ukakaribiana na maji, hakuna atakayeulaumu mto, wala mti uliochongwa mtumbwi. Aliyepakia ndiye atakayeulizwa.

Hekima hiyo ya mtoni yafaa pia katika jambo la siku hizi, nalo ni michezo ya kompyuta. Hapa nauzungumzia mmoja ulio mashuhuri, Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa na Rockstar Games mwezi wa Oktoba 2004 kwa mashine za PlayStation 2, kisha Juni 2005 kwa kompyuta. Niseme mapema kwamba ni mchezo wenye wizi, mauaji na matusi, na wenyewe walioutoa waliuandika kuwa wa watu wazima. Si wa kuachiwa watoto wa chuoni.

Lakini upande mmoja wa mchezo huo unatuhusu sisi tunaoangalia utamaduni. Umeishi zaidi ya miaka 20 kwa sababu wachezaji wenyewe wamejifunza kuufungua na kuubadilisha. Miji yake ni ya kubuni, imeigwa Marekani, lakini wako vijana wa Kenya waliotoa gari la kigeni wakatia matatu yenye michoro ubavuni na jina kubwa kiooni. Viongezo hivyo huitwa modi. Kwa ufupi, mgeni amevishwa kikoi.

Tuseme basi kijana wa Ndera amepata kompyuta ya mitumba kutoka Mombasa. Ametia mchezo, ameongeza modi ya kwanza, ya pili, hata ya hamsini. Mara mchezo unakwamakwama. Nyumba zinatoweka mbele ya macho yake, barabara inageuka shimo, na mwisho mchezo wote unajifunga. Akiuliza, anaambiwa, "Hiyo mashine imechoka, tafuta nyingine," au "Ongeza kumbukumbu." Fedha za msimu mzima wa maembe zinakwenda, na ugonjwa uko palepale.

NDOO NDOGO, MAJI MENGI

Kwa nini? Mchezo huu ulitengenezwa kwa kompyuta za wakati wake. Uliridhika na kumbukumbu ya megabaiti 256 na kadi ya picha ya megabaiti 64. Mchezaji anapoendesha gari, mchezo huchota nyumba, miti na magari kutoka kwenye diski na kuyaweka katika ndoo ndogo ya megabaiti 50 hivi. Anayoyapita humwagwa, yanayokuja huchotwa.

Sasa na tupige hesabu. Picha ya kupaka ubavu wa gari yenye nukta 256 kwa 256, isiyobanwa, huchukua robo ya megabaiti. Kijana akitia picha ya nukta 2,048 kwa 2,048, nayo haikubanwa, imechukua megabaiti 16, yaani mara 64. Matatu tatu za namna hiyo zikikutana njia panda, zimekula megabaiti 48 kati ya 50. Barabara na nyumba zitakaa wapi? Ndiyo maana zinatoweka.

Jambo la pili ni kwamba mchezo wenyewe ni wa mtindo wa zamani, wa biti 32. Kwa kawaida hauwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 2 za kumbukumbu, na ukifunguliwa kwa njia maalumu hauvuki gigabaiti 4. Kwa hiyo anayetoka gigabaiti 8 kwenda 16 kwa ajili ya mchezo huu peke yake amenunua ghala kubwa ilhali mlango ni uleule mwembamba.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeitengeneza modi huenda ana mashine yenye nguvu, na kwake ile picha kubwa ni nyepesi. Uzito anaujua anayeibeba Ndera.

SHERIA ZA MICHUKI

Wasomaji wanakumbuka Februari 2004, sheria za matatu za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa. Abiria wasizidi viti, kila mtu afunge mkanda, gari liwe na mstari wa manjano na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Mwaka huohuo ndio uliozaliwa mchezo huu, nao una kidhibiti mwendo chake. Kwenye kompyuta huuzuia kuonyesha zaidi ya picha 25 hivi kwa sekunde. Anayeona mwendo huo akadhani ni ugonjwa amekosea, maana ndivyo ulivyoundwa. Akikiondoa kidhibiti, mwendo utakuwa laini, lakini mambo mengine yataharibika. Hata kuogelea, mchezaji atakwenda kama aliyefungwa mawe miguuni.

Kutafuta kosa nako kuna utaratibu. Kwanza, kijana awe na nakala safi ya mchezo, isiyoguswa, katika folda yake. Aicheze hiyo peke yake. Ikikwama, kosa si la modi, ni la mashine. Aangalie vumbi katika feni na joto. Kompyuta ikipata moto hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na nchi yetu ya Tana haina uhaba wa joto wala vumbi. Asiiweke juu ya godoro ikaziba pumzi. Aangalie pia kama inatumia betri, kwa kuwa kompyuta nyingi za mkononi hupunguza nguvu zikitoka kwenye umeme.

Nakala safi ikienda vizuri, basi kosa limo katika viongezo. Hapo asibahatishe. Akiwa na modi 64, atoe 32. Kikwazo kikiondoka, kosa limo katika zilizotoka. Kikibaki, limo katika zilizosalia. Aendelee kugawa nusu kwa nusu, na kwa majaribio sita tu atabaki na moja. Huenda pia asimpate mkosaji mmoja, kwani modi mbili zinaweza kugombana, au mzigo wote kwa jumla ukazidi. Hata hilo ni jibu.

Dalili nazo husema. Vitu vikitoweka, ndoo imejaa. Akipunguza ukubwa wa picha ya skrini na mwendo ukarudi, kadi ya picha ndiyo iliyolemewa, mara nyingi na modi za mwanga na vivuli. Akipunguza na hali isibadilike, atazame zile programu ndogondogo zinazofanya kazi wakati wote mchezo ukiendelea, maana huichosha prosesa.

Iko programu iitwayo Mod Loader inayoiacha kila modi katika folda yake bila kuyagusa mafaili ya asili, hata kuitoa ni kama kumteremsha abiria kituoni. Ziko nyingine za kuipanua ile ndoo. Hizo zitumike baada ya kupunguza mzigo, si kabla, kwa maana ndoo iliyopanuliwa nayo hujazwa.

KAZI YA MKONO ISIPOTEE

Liko neno la mwisho, nalo ndilo zito kwangu. Kijana anayekata tamaa hufuta kila kitu. Pamoja na takataka zinakwenda zile matatu, yale majina na ile michoro, kazi ya mkono wa kijana mwenziwe ambayo pengine haina nakala popote. Mchoraji wa matatu ya kweli kazi yake huonekana barabarani. Huyu wa kompyuta hana barabara nyingine.

Basi na kiwepo kidaftari. Kila modi inayoingia iandikwe jina, aliyeitengeneza, na siku iliyoingia. Iingie moja, ijaribiwe, ndipo ije nyingine. Ile picha ya ubavuni ikipunguzwa hadi nukta 512 kwa 512 itachukua megabaiti 1 badala ya 16, na jina la matatu litasomeka vilevile. Gari litabaki, barabara itabaki, na fedha za maembe zitabaki mfukoni.